Siku Kungwi Wangu Alipokwenda Kukagua Bweni

Mwanangu Rukia, iweke hiyo karatasi ya chuo mezani, na kalamu uiweke kando yake, halafu ukae. Nimekusikia. Umesema unataka nikwambie kama ukubali kulala bwenini au uwe unatoka hapa nyumbani kila siku. Umesema jibu linatakiwa Ijumaa. Umesema na wenzako wote wamekwisha kujaza zao. Yote nimeyasikia, sijawa kiziwi bado. Lakini jibu langu si la kusema ukiwa umesimama mlangoni, na mie nikianza kusimulia sitaki mtu anitazamie saa.

Iko wiki moja katika maisha yangu ambayo hata nikishikwa na homa kali siisahau. Ilianza Jumatatu ikaisha Jumamosi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, hapa hapa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, enzi za Mwingereza, kabla ya vita ya pili. Baba yangu alikuwa fundi seremala, akitengeneza milango na vitanda. Mama yangu alikuwa anasuka mikeka. Tulikuwa watoto watano katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, na nyumba yenyewe tuliichangia na watu wengine. Tulilala chini watano kwa mstari, na mie ndiye niliyelala ukutani kwa sababu nilikuwa mkubwa na sikuogopa mende.

Nilikuwa nimesoma. Usicheke. Siku hizi kusoma kwa msichana si habari, lakini wakati ule ungeweza kupita mtaa mzima usimpate msichana anayeweza kusoma barua ya baba yake. Mie nilikuwa nasoma barua za mtaa mzima. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba inataka wasichana wa mjini wafundishwe ukunga pale hospitali, mwalimu wangu alipeleka jina langu, na jina likakubaliwa. Msichana wa kwanza wa Mtaa wa Mchikichi. Najisifu, ndiyo, nani mwingine atanisifu?

Sasa hapo inabidi uelewe jambo moja, maana nyinyi watoto wa leo mmelisahau. Nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo na kuchezwa unyago, na nilikuwa na kungwi wangu, Bi Mwamvua, aliyekuwa akikaa Mtaa wa Sikukuu. Kungwi ndiye mwanamke anayekufunda unapokuwa mwali: usafi, adabu, jinsi ya kukaa na watu. Kazi yake haiishi siku ile ya ngoma. Toka hapo yeye ni mama yako wa pili mpaka siku anapokupeleka mwenyewe kwa mumeo. Mwali hahami nyumba, wala halali ugenini, bila kumuaga kungwi wake. Hilo halikuandikwa popote, lakini hakuna mtu Kariakoo aliyekuwa halijui.

Bi Mwamvua alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, sauti yake nzito. Na yeye mwenyewe alikuwa mkunga wa mtaani. Watoto wengi wa Mtaa wa Sikukuu walipokewa na mikono yake, na wengine mpaka wanaota ndevu bado wakimwona wanajificha, maana aliwajua tangu wakiwa uchi. Nilimpenda sana. Nilimwogopa pia.

Basi Jumatatu hiyo baba akanipeleka hospitali. Tukavuka Mnazi Mmoja, tukapita mitaa ya maduka ya Wahindi, tukafika. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia upande wa wasichana, kwa hiyo baba akabaki langoni. Tulikuwa wasichana sita. Akatupokea mwanamke wa Kizungu, muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita Sista. Alikuwa mrefu, viatu vyeupe, Kiswahili chake kimenyooka kama amekipiga pasi.

Akatuonyesha bweni. Mwanangu, wee! Chumba kirefu kimepakwa chokaa. Mbele vitanda vya wasichana waliotutangulia, na nyuma vitanda vinne vya chuma visivyo na mtu, kila kimoja na godoro lake, na juu yake chandarua cheupe kimefungwa fundo zuri, na pembeni kikabati kidogo chenye mlango. Mlango wa peke yako! Mie sikuwahi kuwa na kitu chenye mlango. Nikasimama nakitazama kile chandarua, nikasahau hata kufunga mdomo.

Sista akasema, na maneno yake yalikuwa wazi kabisa, "Mwaka wa kwanza mnaweza kutoka nyumbani kwenu kila siku. Mwaka wa pili wote mtalala hapa. Sasa hivi vitanda ni vinne kwa anayevitaka. Nawapa mpaka Jumamosi mfikiri na mwulize nyumbani. Lakini msikilize vizuri. Atakayesema ndiyo nitamwandika, na siku ya Jumamosi saa kumi jioni awe hapa na sanduku lake. Asipokuja, kitanda nitampa mwingine, na nafasi yake ya masomo nitampa mwingine pia. Sitaki mtu anayeshika kitu halafu hakitumii."

Umesikia? Mpaka Jumamosi. Nilikuwa na siku tano nzima za kufikiri. Unajua nilifikiri kwa muda gani? Sista hata hakumaliza kukifunga kitabu chake cha majina.

"Mie nataka!" nikasema, mkono juu. "Niandike mie, Sista."

Akanitazama. "Umeuliza nyumbani?"

"Ndiyo, Sista, nimeuliza."

Uongo mtupu! Nyumbani hawakujua hata kama kuna bweni. Baba alikuwa langoni anapiga soga na bawabu. Sista akaniangalia tena, kisha akachovya kalamu wino akaandika jina langu. Wenzangu watano wakasema watafikiri. Nikawaona washamba. Mie mtoto wa Kariakoo, nina haja gani ya kufikiri?

Kurudi nyumbani nilikuwa sitembei, naruka. Baba nikamwambia nimepata kitanda, akafurahi, akadhani ndio utaratibu wenyewe. Ningefika nyumbani nikakaa kimya labda mambo yangekuwa mengine. Lakini mdomo wangu, Mungu anisamehe, haukuwa na kufuli. Nikachukua ndoo nikaenda bombani kuteka maji ambayo hakuna aliyenituma, na pale bombani kwenye foleni ya wanawake nikamwaga yote: kitanda cha chuma, godoro, chandarua, kikabati, Jumamosi nahama. Wakashangaa, wakanipa hongera. Mmoja wao alikuwa jirani wa Bi Mwamvua, ukuta kwa ukuta.

Alasiri ile ile yule jirani akamwambia, "Hongera Bi Mwamvua, nasikia mwali wako anahama Jumamosi anakwenda kulala hospitali." Na Bi Mwamvua hana habari. Fikiria, mwanangu. Mwanamke mwenye heshima yake, kungwi anayejulikana mtaa mzima, anaambiwa habari za mwali wake na watu wa bombani. Akavaa kanga yake akaja kwetu.

Sikuwahi kumwona amekuja bila kubisha hodi kwa utani. Siku hiyo alibisha mara moja tu. Akaingia uani, mama akamtandikia mkeka, akamletea maji, maji hakuyanywa. Mie nikapiga magoti, "Shikamoo somo," maana ndivyo mwali anavyomwita kungwi wake. Hakuitikia. Mwanangu, mtu mzima akikunyima marahaba, hapo tena hakuna swali kwamba umekosa.

Akamwambia mama, "Nimekuja kukurudishia mwanao."

Mama akashtuka. "Kwani kuna nini, Bi Mwamvua?"

"Anahama Jumamosi, na mie nimeambiwa na watu. Mwali anayejihamisha mwenyewe hana haja na kungwi. Basi mie si kungwi wake tena. Nimemaliza."

Akainuka akaenda zake. Wala hakupiga kelele.

Mama alilia, na kilio kile mpaka leo nikikikumbuka naona haya. Kwa sababu msichana aliyekataliwa na kungwi wake ni aibu ya nyumba. Nani atamsimamia siku ya harusi? Nani atamjibia watu wakija kumwulizia? Mama akafuta machozi, akasema neno moja tu: "Hutoki humu ndani kwenda popote, bwenini wala darasani, mpaka Bi Mwamvua akuridhie."

Nikamkimbilia baba. Baba ndiye aliyetaka nisome kuliko watu wote. Alikuwa anapiga randa ubao, hakuinua uso. "Hilo la kungwi ni la mama yako," akasema. "Mie siliingilii. Ungeniambia Sista amewapa mpaka Jumamosi, ningekwambia urudi kwanza nyumbani. Mbona hukuniambia?"

Unaona nilivyojifunga? Ningesema nitafikiri, ningeweza hata kuanza mwaka kwa kutoka nyumbani, pole pole, na Bi Mwamvua angeombwa kwa heshima. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuandikwa. Jumamosi saa kumi nisipokuwa pale na sanduku, nakosa kitanda na nakosa chuo. Msichana wa kwanza wa Mtaa wa Mchikichi angekuwa wa kwanza kufukuzwa kabla hajaanza.

Jumanne nikaenda na mama kumwomba radhi. Tukaambiwa hayupo, na sauti yake tunaisikia uani anamkemea kuku. Tukarudi.

Jumatano nikaenda tena. Mama alinitengea sinia, juu yake doti ya kanga ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe, na tambuu, na udi kidogo. Nikakaa kizingitini kwa Bi Mwamvua toka asubuhi. Watu wanapita, wananitazama, watoto wananicheka. Yeye akatoka mara mbili, akaniruka, akarudi mara mbili, akaniruka. Mie na maringo yangu yote ya kusoma barua za watu, nikakaa pale nimeinamisha kichwa. Hata sinia hakuigusa.

Alhamisi nikaenda peke yangu, mikono mitupu, maana niliona aibu kumrudishia tena sinia ileile. Nikamkuta anapepeta mchele. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Somo, nimekuja kukwambia kweli. Nilimdanganya Sista kwamba nimeuliza nyumbani. Sikukuaga kwa sababu niliogopa utasema hapana."

Akaweka ungo chini. "Nani alikwambia nitasema hapana?"

Nikainama nikaokota punje za mchele zilizoanguka.

"Sema! Nimewahi kukwambia usisome? Ulipokuwa umewekwa ndani kuchezwa, nani alikuwa anakuletea vitabu vyako chini ya buibui lake?"

"Ni wewe, somo."

"Basi hukuniogopa mie. Ulikuwa na haraka tu, ukanitafutia sababu." Akajifuta mikono. "Haya. Hilo bweni lenyewe umeliona?"

Nikachangamka. "Nimeliona, somo! Kitanda cha chuma, kina chandarua cheupe..."

"Sijakuuliza chandarua. Choo kiko wapi?"

"Sijui."

"Bafu?"

"Sijui, somo."

"Mlango unafungwa na nani, na ufunguo anakaa nao nani? Mwanamke au mwanamume? Ukiugua anakuja nani? Unasali wapi? Mwezi wa Ramadhani mnakula saa ngapi? Ukitaka kuja kumwona mama yako unaomba ruhusa kwa nani?"

Sijui, sijui, sijui. Kila swali sijui. Bi Mwamvua akanitazama, midomo ikaanza kumcheza, na ndipo nikajua hasira imeanza kupoa. "Lo! Mtoto huyu," akasema. "Watu wanaolewa na wanaume, huyu ameolewa na chandarua!"

Akacheka. Na mie nikacheka, huku nalia.

"Kesho tunakwenda wote," akasema. "Nikiliona ndiyo nitajua kama wewe ni mwali wangu au la. Na leo nimekuitikia ile salamu yako ya Jumatatu. Marahaba."

Ijumaa asubuhi Bi Mwamvua akatoka amevaa buibui jipya na kujifukiza udi, ungedhani anakwenda harusini. Mie nyuma yake. Pale hospitali bawabu akataka kumzuia. Bi Mwamvua akamwangalia, akamwambia, "Wewe si mtoto wa Bi Tausi? Nilikupokea miguu ikitangulia, mama yako karibu afe. Leo ndiyo unanizuia mlango?" Bawabu akafungua lango upesi.

Sista akatoka, ana haraka zake. "Wewe ni mama yake?"

"Mama yake yuko nyumbani. Mie ni kungwi wake."

"Kungwi ni nani?"

"Ni mtu atakayekuja kukuuliza wewe, mtoto huyu akiharibika."

Nilidhani ardhi itapasuka nizame. Hakuna mtu aliyekuwa akisema na Mzungu hivyo. Lakini Sista hakukasirika. Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaona ni mtu, akasema, "Karibu. Uliza."

Akauliza yote. Ufunguo anakaa nao mwanamke mzima, mjane, analala chumba cha mlangoni. Vizuri. Anayeugua anatazamwa na Sista mwenyewe. Vizuri. Kuna pembe ya kusalia, na Ramadhani jikoni wanaweka daku. Vizuri. Kila Jumapili ya pili ruhusa ya kwenda nyumbani. Bi Mwamvua akabonyeza godoro, akashika kile chandarua changu, akakichungulia kwenye mwanga. "Kina tundu," akasema. Nikataka kufa kwa aibu.

Kisha akasema, "Bafu."

Tukazunguka nyuma. Bafu lilikuwa la mabati pande tatu. Upande wa nne hapakuwa na kitu. Na upande huo ulitazama njia ambayo wapishi, wafagiaji na wachukuzi wa hospitali, wanaume wote hao, walikuwa wakipita kutwa kucha. Wasichana waliotutangulia walikuwa wakioga mmoja huku mwingine ameshika kanga.

Bi Mwamvua akaingia ndani akasimama. "Nenda kasimame njiani pale. Unaniona?"

"Nakuona, somo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka miguuni."

Akamgeukia Sista. "Na wewe, mama, kasimame pale."

Na Sista, mwanangu, akaenda. Akasimama njiani na viatu vyake vyeupe, akatazama, uso ukamwiva. Akasema pole pole, "Nimeandika barua kwa wakubwa kuomba ukuta. Nimeandika mara mbili. Hawajajibu."

"Wakubwa wanaoga hapa?" akauliza Bi Mwamvua.

Sista akajizuia, akashindwa, akacheka. Lakini akatikisa kichwa. "Siwezi kujenga kitu bila ruhusa yao."

"Nani amesema kujenga? Tutafunga makuti. Makuti si nyumba." Kisha sauti ikawa nzito. "Bila hivyo mwanangu halali hapa. Kitanda mpe mwingine. Lakini huyo mwingine naye ana mama."

Jumamosi ilikuwa kesho. Sista akalitazama tena lile bafu. Mwisho akasema, kama anazungumza na mabati, "Kesho asubuhi nitakuwa wodini mpaka saa sita. Huku nyuma siji."

Bi Mwamvua akanishika mkono. "Twende. Ametujibu."

Mwanangu Rukia, nimeona mengi yenye fahari katika maisha yangu, lakini asubuhi ile ya Jumamosi haijapata mwenzake. Baba alitangulia na msumeno na fito begani. Nyuma yake wanawake wa Kariakoo, wa Mtaa wa Sikukuu na Mtaa wa Mchikichi, kila mmoja na makuti kichwani, wamefuatana kukatiza Mnazi Mmoja. Mama yangu yumo. Yule jirani wa bombani yumo, na anajisifu kwamba bila mdomo wake haya yote yasingekuwa. Bawabu alifungua lango kabla hajaambiwa. Baba alisimamisha nguzo, wanawake wakafunga makuti, na baba akapachika na mlango, mlango wa kweli wenye komeo la ndani. Kabla ya adhuhuri kazi imekwisha. Ua ule ulikaa miaka, ukirudiwa makuti kila yakichakaa, na wasichana waliokuja baada yetu wakauita "ua wa Bi Mwamvua" bila kujua Bi Mwamvua ni nani. Wengine walidhani ni jina la dawa.

Saa kumi tulikuwa pale, mie na sanduku langu. Sista akaja na kitabu chake. Nikadhani sasa nitaingia tu. Bi Mwamvua akanizuia.

"Kwanza mwambie kweli yako."

Nikamwambia Sista, mbele ya watu wote, kwamba Jumatatu nilimdanganya, kwamba sikuwa nimeuliza nyumbani.

"Nilijua," akasema Sista. "Kila mwaka yuko mmoja kama wewe." Akafungua kitabu. "Ndiyo maana niliwapa siku tano."

Kisha Bi Mwamvua akanigeuza uso nimtazame yeye. "Sasa nakuuliza mie. Umekwisha kuona kila kitu, kizuri chake na kibaya chake. Unataka kulala hapa? Ukisema hapana tunarudi nyumbani wote, na mie bado ni kungwi wako. Hakuna atakayekucheka, na atakayekucheka atanikuta."

Unajua, hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Jumatatu sikuogopa chochote kwa sababu sikuona chochote ila chandarua. Sasa nikamwona mama amesimama ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Nikawafikiria wadogo zangu wanne watakaolala leo bila mie pale ukutani. Nikafikiria kazi iliyokuwa ikinisubiri, damu na vilio vya wazazi, wanawake wanaojifungua. Vyote nikavitazama. Na bado nikataka.

"Ndiyo, somo," nikasema. "Nataka."

"Hiyo nimeisikia," akasema. Akaushika mkono wangu wa kulia, akautia katika mkono wa Sista, kama anavyokabidhi mwali siku ya harusi. "Nakukabidhi mwanangu. Ni mzima, ana akili, haibi. Mdomo wake mwepesi, utanisaidia kuukaza. Sema nimepokea."

Sista akatutazama sote, akanyoosha mgongo. "Nimepokea," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani.

Nilisoma nikamaliza. Nimepokea watoto toka Ilala mpaka Buguruni, na sijawahi kumwambia mzazi neno la kumdhalilisha. Na Bi Mwamvua, aliyekuwa mkunga kabla mie sijazaliwa, alipopata mzazi mwenye uzazi mgumu huko mitaani alimleta mwenyewe hospitali. Hakusema aitiwe daktari. Alisimama mlangoni na ile sauti yake akasema, "Niitieni mwali wangu!" Basi mie nikitoka kwa kuitwa hivyo, mbele ya wauguzi wote, hata mshahara ningesahau kuudai.

Sasa wewe na karatasi yako. Sikwambii jaza, na sikwambii acha. Bweni si baya, na kutoka nyumbani si ushamba. Kibaya ni kukubali kitu kwa sababu macho yamependa, au kwa sababu wenzako wamejaza. Ukipewa mpaka Ijumaa, zitumie siku zako mpaka Ijumaa, ndizo ulizopewa bure. Nenda kapaone mahali penyewe, na usiishie kwenye kitanda, fika mpaka huko nyuma wasikokuonyesha. Uliza hata yanayotia aibu kuuliza. Waambie watu wako kabla ya kuwaambia watu wa bombani, na sijui siku hizi bomba lenu liko wapi, lakini najua mnalo. Ukipata kasoro usikimbie papo hapo, tazama kwanza kama ni ya kufunga makuti. Na ukisha kujua yote, ukajikuta unaogopa kidogo na bado unataka, hapo sema ndiyo, uifuate na sanduku lako lote, usiache mguu mmoja nyumbani. Kitanda unachokishika bila kukilalia kuna mtoto wa mtu mwingine anakililia.

Kesho baada ya chai tunakwenda wote. Usinikunjie uso. Najua utanionea haya mbele ya wenzako, bibi mzee na fimbo yake anauliza mambo ya choo. Nione haya siku moja tu, utajisifia mie miaka yote.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe elimu yenye faida, na usingizi mwema popote utakapolala. Na kila utakapotoka kwenda mahali, asikukoseshe mtu wa kumuaga.